Tulipobadilishana Vijiji

Nilifika Kasulu katikati ya miaka ya sabini, mwanamke wa Pangani ambaye hajawahi kulala na blanketi mbili. Nilikuwa nakusanya data za tasnifu yangu ya shahada ya uzamivu katika elimu. Nilitaka kujua kwa nini wanawake wa vijijini walianza kwa hamu madarasa ya kisomo cha watu wazima, kisha wakaacha kabla hawajaweza kusoma. Nilipanga chumba kwa mama mmoja muuza vitambaa, ambaye babu yake alitoka Bagamoyo. Aliponisikia nikizungumza, akasema, "Huyu ni wa kwetu," na tangu siku hiyo hakuniruhusu kupika.

Yeye ndiye aliyetangaza mtaani kwamba mpangaji wake anasomea udaktari. Asubuhi moja nilimkuta mzee mmoja amekaa barazani, amekunja suruali, goti limevimba.

"Mzee wangu, mimi si daktari wa hospitali. Mimi ni wa mambo ya shule."

Akafikiri kidogo. "Basi litazame hivyo hivyo."

Nikalitazama, kisha nikamsindikiza hospitali.

Kijiji nilichokuwa nikifanyia utafiti kilikuwa upande wa Muyama. Nilikuwa nikipanda lori la maharage, nakaa huko kwa siku kadhaa, halafu narudi mjini. Watu walinipokea vizuri. Waliniletea kiti na ndizi za kuchoma, wakajibu kila swali la dodoso langu. Tatizo lilikuwa majibu yenyewe. Kila mwanamke niliyemwuliza kwa nini ameacha darasa alitazama chini, akasema kwa Kiha maneno machache, na mkalimani akanitafsiria: "Kazi za shamba ni nyingi." Wa kwanza hivyo, wa mwisho hivyo. Nikaandika sura nzima juu ya kazi za shamba. Ilipokamilika, imenyooka, haina kosa, niliisoma nikaona haina uhai. Msimamizi wangu wa masomo alikuwa Dar es Salaam. Nilimwandikia, na jibu lilipofika baada ya muda mrefu lilisema niendelee.

Niliyebaki naye karibu alikuwa mwenzangu wa Kibondo. Tulianza masomo pamoja chuoni, chini ya msimamizi mmoja. Yeye alikuwa Muha, mzaliwa wa huko huko, binti wa mwalimu wa zamani, na alinizidi umri kidogo. Alikuwa anachunguza wazazi wanawafundisha watoto nini nyumbani kabla hawajaanza shule. Tuliahidiana kukutana Kasulu kila tulipoweza, tusomeane tulichoandika. Alikuwa na sharti moja tu: anayesomwa asijitetee mpaka mwenzake amalize kusema.

Safari moja alishuka kwenye basi uso umekunjamana. Tulitandika mkeka uani, mama mwenye nyumba akatuletea chai ya tangawizi, na mwenzangu hakufungua mkoba.

"Leo sina cha kusoma," akasema. "Watu hawanijibu."

"Hawataki?"

"Wananicheka. Nimemwuliza mama mmoja anamfundishaje mtoto kuhesabu. Akaniambia, 'Kwani wewe mama yako alikufundishaje? Si ulikuwa unacheza hapa hapa uani kwangu?' Mazungumzo yakaishia hapo. Akanipa maziwa."

Nikacheka, naye akanitazama vibaya. Kisha akachukua sura yangu akaisoma kimya, ukurasa kwa ukurasa, hadi chai ikapoa.

"Umeandika vizuri, mdogo wangu," akasema. "Lakini siamini."

Nikafungua mdomo, nikakumbuka sharti, nikaufunga.

"Wanawake wa Kiha wanalima tangu wakiwa wasichana. Walilima walipoanza darasa, wanalima sasa. Kwa nini shamba liwashinde mwezi wa tatu wa darasa lisiwashinde wa kwanza? Nani anakutafsiria?"

"Katibu wa kijiji."

"Mwanamume?"

"Mwanamume."

Nilipandwa na hasira, maana niliona anayosema ni kweli, na ile ilikuwa kazi ya miezi. Nikamwambia kwa ukali, "Basi nenda wewe Muyama ukawaulize. Na mimi nitakwenda kuchekwa Kibondo."

Nilisema kwa kuumia tu. Yeye akaweka kikombe chini. "Unasema kweli?"

Tukatazamana. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeshapanga safari.

Kibondo nilifikia kwa mama yake. Kiha changu kilikuwa salamu ya "Mwakeye" na asante, na nikagundua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa mali yangu. Mgeni asiyejua kitu huelezwa kila kitu. Wanawake waliniketisha wakanionyesha, wengine kwa Kiswahili cha kubabaisha, wengine kwa mikono. Waliniita nione mtoto mdogo akirudisha mbuzi. Nilimwuliza ni wangapi, akashindwa kusema. Bibi yake akamwuliza ni yupi hajarudi, na mtoto akajibu papo hapo: yule mwenye sikio lililochanika hayupo. Hakuhesabu. Aliwajua mmoja mmoja. "Kwenu hamwafundishi watoto hivi?" bibi akaniuliza kwa huruma ya wazi. Niliposema kwetu hatufugi, wakazidi kunionea huruma, wakazidi kunieleza.

Niliporudi Kasulu mwenzangu alikuwa ameshafika. Alinivuta chumbani hata kabla sijanawa miguu.

"Si shamba," akasema.

"Ni nini?"

"Ni baba mkwe."

Alikuwa amekaa na wanawake wakimenya muhogo, bila karatasi, akimenya nao. Wakaanza kusema wenyewe. Zamani kila ukoo ulikaa kwenye kilima chake. Watu walipohamishiwa kijiji kimoja, darasa likawa moja, na mkamwana akajikuta ameketi chumba kimoja na baba mkwe wake, mtu ambaye hata kupishana naye njiani anaona haya. Halafu mwalimu anamwita ubaoni. Anampa baba mkwe mgongo, anakosea herufi, watu wanacheka. Mmoja alimwambia mwenzangu, "Dada, nitakosea vipi mbele yake, halafu jioni nimpelekee chakula?" Na jambo hilo hakuna ambaye angelisema kupitia kwa katibu, ambaye naye alikuwa baba mkwe wa mtu.

Nilifurahi mpaka nikapiga makofi. Kisha nikaikumbuka sura yangu, nikakaa kitandani.

"Usinune," akasema. "Shamba nalo lipo. Lifanye aya moja."

Kazi haikuishia hapo. Tulijua hatuwezi kuandika kana kwamba kila mmoja alijikusanyia mwenyewe. Tuliporudi chuoni tulikwenda kwa msimamizi wote wawili, tukamweleza bila kuficha. Alivua miwani.

"Sasa huu ni utafiti wa nani?"

"Maswali ya mmoja, masikio ya mwingine," mwenzangu akajibu. Hakutabasamu, wala msimamizi hakutabasamu.

Alitupa masharti. Turudi vijijini, safari hii pamoja, tuwaambie watu wazi kila mmoja anatafuta nini, tuulize upya kwa ridhaa yao, na katika sura ya mbinu tueleze kila kitu, pamoja na tulivyokosea mwanzoni. Alidhani anatuadhibu. Kwangu ule ulikuwa msimu mzuri kuliko yote niliyowahi kuwa nao nikiwa mwanafunzi. Tulikuwa tukitembea vilimani asubuhi ukungu haujaondoka, tukibishana njia nzima, na tukifika yeye anauliza mimi nasikiliza, kesho yake mimi nauliza yeye anasikiliza. Kule Muyama, ofisa wa elimu ya watu wazima alikubali kuwagawa wanafunzi: wanaume saa zao, wanawake saa zao. Kabla sijaondoka nilimwona ubaoni yule mwanamke aliyeogopa kukosea mbele ya baba mkwe wake. Alikosea, akafuta kwa kiganja, akaandika tena, wenzake wakimpigia kelele za kumsaidia.

Tulitetea tasnifu zetu mmoja baada ya mwingine, na sote tukapita. Mimi niliulizwa maswali mengi juu ya kule kubadilishana, nikayajibu kwa utulivu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mwenzangu alikuwa ameshaniuliza yote, tena kwa ukali zaidi, kwenye mkeka wa uani. Baadaye wanafunzi wengine wawili wa shahada hiyo walipelekwa mkoa huo huo wa Kigoma, mmoja akichunguza mashamba ya shule, mwingine walimu wa kike. Msimamizi ndiye aliyewaambia watutafute. Sisi wawili tulikuwa tumerudi Kasulu kikazi, basi tukawa wanne uani kwa yule mama mwenye nyumba. Siku ya kwanza yule kijana wa mashamba ya shule alitusomea sura yake, na tulipoanza kusema akarukia kujitetea. Mwenzangu akamsogezea sahani ya maandazi. "Kula kwanza," akamwambia, "sisi tumalize."

Akala. Tukaendelea kusema mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia.