Mwaka Tuliozuia Moshi

Mume wangu alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi moja ya ardhi pale Élisabethville. Kiangazi kimoja alirudi nyumbani na agizo: ndeke, ndivyo tunavyoita ndege, itapita kupiga picha nchi yote ng'ambo ya mto Luano, wakubwa wapate kujua wapi pana mashamba na wapi ni pori tu. Watu wasichome chochote mpaka ipite, maana moshi unaziba picha. Nikampelekea mama yangu maneno hayo kijijini kwetu, huko ng'ambo.

Matawi ya mama yalikuwa yamekauka, yamerundikwa tayari. Shamba la ulezi kwetu ni hivyo: unakata matawi, unachoma kabla ya mvua, unapanda kwenye majivu, halafu unaiacha ardhi ipumzike miaka. Angeagiza mtu mwingine, mama angebisha, tena sana. Lakini agizo lilitoka kwa mukwe, na neno la mukwe halijibiwi. Akacheka tu. "Mugeni anapitia juu, tutamutia moshi mu macho? Tutangoya."

Basi tukangoja. Ndeke ilichelewa, ikapita mawingu yakiwa yameanza kukusanyika. Mvua haikutupa nafasi. Matawi yakalowa, moto ukakataa. Mwaka ule mama alikula ulezi wa kuomba. Hilo tungelisahau.

Picha zilipotoka, ofisini walitafuta madoa ya majivu, maana ukiwa juu shamba letu unalijua kwa doa hilo. Hawakuona hata moja. Wakaandika: pori, halina mwenyewe. Mume wangu alijaribu kuwaeleza, akaambiwa picha haisemi uongo. Ardhi akapewa mzungu wa ng'ombe. Heshima yetu ndiyo iliyotuponza, na mpaka leo roho inaniuma. Laiti tungechoma.

Mume wangu alileta nakala ya picha nyumbani. Mama alikuwa amekuja kukaa kwetu mjini; kwa aibu mume wangu hakuingia chumbani alimokuwa, mimi ndiye niliyemwonyesha. Aliijua upesi: mto, njia, kile kichuguu kikubwa. Kidole chake kikasimama kando ya kichuguu.

"Hapa ndiyo nilisimama," alisema. "Ndeke ilipita, nikaipungia kitambala changu, miye na bantu bote ba hapa. Angalia muzuri, mutoto wangu. Hatuonekane?"

Niliinamia picha muda mrefu. Nikamwambia ndiyo, mama, munaonekana.