Lelemama ya Mahafali, Nami Niko Eda

Ujumbe wa skuli uliingia kwenye simu yangu nikiwa nimekaa eda. Ulikuja kwenye kundi la wazazi, mrefu kama ilivyo kawaida ya mwalimu mkuu wetu, bibi mmoja asiyejua kusema jambo kwa maneno machache. Kwanza mtihani wa majaribio, halafu siku ya michezo, halafu khitma ya kuwaombea watoto wa kidato cha sita, halafu mahafali yenyewe. Na siku hiyo hiyo alasiri, wanaume wakishaondoka ukumbini, lelemama ya familia. Kila mwanafunzi wa kike asimame safuni na mama yake, na asiye na mama asimame na anayemlea.

Niliusoma nikiwa kwenye mkeka chumbani kwangu, juu ya kilima hapa Mkoani, nikaiweka simu chini kifudifudi. Mume wangu alikuwa na wiki chache tu kaburini. Eda ya kufiwa kila mtu anaijua: miezi minne na siku kumi mwanamke hatoki kwake ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, haendi penye furaha. Mahafali si dharura. Nilihesabu kwa vidole hata hivyo, nikapata jibu nililokuwa nalo tangu mwanzo.

Kwa asiyeijua, lelemama si ngoma ya kurukaruka. Wanawake husimama safu, wima, uso umetulia, na kinachokwenda ni mikono na shingo tu, polepole, kwa adabu. Ukicheka umeharibu, na ukilia umeharibu vilevile. Skuli yetu iliirudisha miaka michache nyuma, mwalimu mkuu aliposema watoto wasiondoke pale na vyeti peke yake. Wakaitengenezea na utaratibu wake. Kila nyumba hupewa doti moja ya kanga ya sare, haijakatwa, na mama huikata mwenyewe, upande mmoja wake na upande wa pili wa bintiye. Kisha kila wawili hutoka mbele, mtangazaji akalitaja jina la binti na la baba yake, na mama akamchomeka mwanawe kikuba, kishada cha asumini, kifuani. Nilishawahi kwenda kutazama kwa watoto wa jirani, nikarudi nyumbani nimejipangia nitakavyosimama zamu yangu ikifika.

Mwanangu huyu ni wa pekee. Baba yake alikuwa fundi seremala, na kila asubuhi alimpeleka skuli kwa vespa yake, akimgombeza njia nzima kwa kuchelewa kutafuta mtandio. Alipofariki, mtoto hakulia sana mbele za watu. Alichofanya ni kuvisukuma vitabu vyake chini ya kitanda. Akawa anakwenda skuli na mkoba mwepesi, anarudi, anapika, anafua, anajilaza. Nikimuuliza kuhusu mtihani anasema inshallah, kwa sauti ambayo haina inshallah ndani yake.

Nilipomsomea ujumbe wa mwalimu mkuu alinisikiliza mpaka mwisho.

"Basi mie sendi," akasema. "Si lelemama wala mahafali."

Mtu mwingine angemwacha. Mimi nilimjua mwanangu. Asiyekwenda mahafali kwa sababu hana wa kusimama naye, wiki zikipita atasema haendi mtihani kwa sababu hana wa kumpokelea matokeo. Baba yake alimtaka afike chuo, na kama mtoto angeliachia hapa, mimi ndani ya kuta zangu nisingekuwa na namna ya kumkimbilia. Kwa hiyo nikaanza kutafuta mwanamke wa kusimama na mwanangu kama mtu anayetafuta maji.

Mama yangu hayupo duniani. Mdogo wangu alikuwa amejifungua, bado yumo ndani ya arubaini yake. Jirani yangu angekubali kwa moyo mmoja, lakini binti yake alikuwa darasa moja na wangu, na mtu hawezi kusimama na wawili. Nikampigia simu wifi yangu aliyeko Unguja, shangazi yake mtoto, damu ya baba yake. Aliniambia hawezi kukanyaga penye ngoma udongo wa kaburi la ndugu yake haujakauka, na tena anashangaa kwamba mimi nawaza kumpeleka mtoto. Nikamjibu kwamba dini imempa mtoto siku tatu za kumkalia baba yake matanga, sasa nani kamuongezea? Akakata simu. Sikumpigia tena, na mpaka leo sijaona kwamba nilisema uongo.

Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akasema, bila kunitazama, "Yuko Bi Mkubwa."

Bi Mkubwa ni mke mwenzangu. Alikuwa mke wa mume wangu miaka mingi kabla yangu, na tukakaa ukewenza miaka kadhaa, yeye chumba cha mbele na mimi cha uani. Hakujaaliwa mtoto. Nilipojifungua, yeye ndiye aliyekuwa akimwogesha mwanangu, maana mimi nilikuwa mgonjwa na mama yangu yuko mbali. Mtoto alipoanza kusema vizuri, Bi Mkubwa akaachwa. Sababu zilikuwa baina yao wawili, yeye na mume, na sikuwa mimi niliyezitia, ingawa najua yanayosemwa. Akarudi kwa kaka yake Konde, kule kaskazini, akafungua kiduka cha vitambaa. Tangu hapo tulikuwa tukionana harusini na misibani, tukisalimiana kwa heshima zote na bila neno la ziada.

Siku ya mazishi alikuja. Nilimwona kupitia dirishani, yuko uani na wanawake waliokuwa wakipika, anaosha sahani. Aliosha mpaka zikaisha, akavaa buibui lake, akaondoka na gari ya jioni. Hakuingia nilikokaa mimi.

Kwa hiyo mtoto alipomtaja, moyo ulinichemka. Niliona kama nimefiwa na mume na sasa natakiwa nimtoe na mwana. Nilikaa na hasira yangu siku mbili tatu, nikimjibu mtoto kwa mkato, nikiitafutia hoja na kuikosa. Mwisho nikampigia simu. Nilimweleza kwa ufupi, kama mtu anayeagiza kitu dukani. Yeye akauliza kama mwenyewe mtoto anataka. Nikasema ndiye aliyemtaja. Akasema atakuja.

Alikuja siku moja kabla, na mkoba mdogo. Alipiga hodi akabaki pale pale mlangoni, kwenye nyumba aliyoingia yeye akiwa bibi harusi kabla mimi sijaijua, mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. Mwanangu alimbusu mkono, akamchukulia mkoba. Tulikunywa chai. Tuliongea habari za barabara, za mvua, za bei ya vitambaa, mambo ambayo watu wazima huyaongea wakiwa hawataki kuongea.

Baada ya laasiri nikaitoa ile doti. Akashika pembe za upande mmoja, nami za upande wa pili, tukaikunja kuitafuta katikati. Nikaikata mwenyewe. Nilikata taratibu, maana machozi yalikuwa yananiziba macho, na kanga ikikatwa upogo haishoneki tena. Upande mmoja nikampa mtoto. Upande niliokuwa nivae mimi nikampa yeye, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Hapo ndipo nikaropoka. Mtoto alikuwa amekwenda kupiga pasi, na mimi nilikuwa nimechoshwa na zile kuta, na wivu ulikuwa umenikaba. Nikamwambia kwamba ana bahati, yeye anatoka, anavaa rangi, anakwenda kumwona mtoto anaitwa mbele ya watu, na mimi niliyemzaa nimefungiwa hapa.

Hakukasirika. Aliikunja kanga yake, akaiweka mapajani.

"Weye umepawa eda," akasema. "Mie sikupawa hata siku moja."

Kisha akanieleza, polepole, kama anasimulia habari za mtu mwingine. Siku ya mazishi alifika Konde magharibi imeingia. Asubuhi kaka yake akamwambia afungue duka kama kawaida, maana akifunga watu watauliza amefiwa na nani, na akijibu watamcheka. Akafungua. Watu wakaja wakashindana naye bei ya satini, naye akapima, akakata, akarudisha chenji. Alikuwa akilia akienda kisimani tu. Aliishi na yule mwanamume tangu hana hata randa ya kwake, anaazima vyombo vya kazi, na alipokufa hakukuwa na mtu hata mmoja kisiwa kizima aliyeona kwamba yeye amepungukiwa na kitu.

Eda nilikuwa nimeiona kuwa kifungo, na hapo nikatambua kwamba ndani ya kifungo hicho watu walikuwa wakiniletea uji, wakinisomea dua, wakipunguza sauti wakipita dirishani kwangu. Nikamwambia apumzike, kesho itakuwa siku ndefu.

Waliondoka adhuhuri, mtoto na yeye, kanga zimepigwa pasi, kikuba kimefungwa kwenye jani la mgomba. Niliwatazama kwa nyuma ya pazia mpaka kona ya msikiti. Simu zilikuwa haziruhusiwi ukumbini kwa sababu wanawake huwa wamefunua vichwa, kwa hiyo sikutarajia picha. Nikasali, nikasoma Qur'ani, nikasoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kuuona. Kutoka skulini hakikufika kitu, hata mlio wa ngoma.

Walirudi kabla ya magharibi. Mwanangu ndiye aliyenisimulia, Bi Mkubwa akiwa amekwenda kutia udhu. Walisimama vizuri, akasema, na Bi Mkubwa anaijua lelemama kuliko wote waliokuwa pale, hata mwalimu mkuu alimtazama mikono. Ikafika zamu yao ya kutoka mbele. Mtangazaji akalitaja jina la mwanangu, kisha la baba yake, lote, mpaka la babu. Bi Mkubwa alikuwa ameinua kikuba. Aliposikia jina lile mkono ukamganda hewani, uso uliotakiwa utulie ukavunjika, akalia mbele ya safu nzima na ngoma inaendelea.

"Mmoja aliyekaa nyuma yetu akasema, analia nini huyu, si aliachwa?" mwanangu akaniambia. Alisema kwa hasira, hasira yangu mimi, niliitambua. "Nami nilimsikia. Na yeye alimsikia."

Nikamuuliza akafanyaje. Akasema aliushika mkono wa Bi Mkubwa, akauongoza mpaka kifuani kwake, wakakichomeka kikuba wote wawili, na akauacha mkono wake juu ya ule mpaka waliporudi safuni. Hakuona haya. Alisema hivyo kwa kiburi kidogo, na sikumkemea. Baada ya kusali akaingia chini ya kitanda, akavitoa vitabu, akavipangusa vumbi kwa ncha ya kanga yake mpya. Nilishukuru, nikalia kidogo peke yangu.

Asubuhi Bi Mkubwa alikuwa ameshavaa buibui, anasubiri gari ya Konde, ulipopigwa hodi. Walikuwa wanawake kutoka Wambaa, jamaa wa mbali wa marehemu, ambao habari za msiba ziliwafikia wakiwa safarini na sasa ndiyo wamepata nafasi ya kuja kunihani. Bi Mkubwa aliwaamkia, akawaachia mkeka, na bila kuambiwa na mtu akaelekea jikoni. Nikamsikia anasuuza vikombe.

Wanawake wakaanza kunipa mkono wa pole, mmoja mmoja, wakisema maneno yanayosemwa. Yule mzee wao aliponifikia, nilimwomba anisubiri. Nikamwita mke mwenzangu. Alikuja na kikombe mkononi, akidhani nataka kitu. Nikamwambia aweke kikombe chini, avue buibui, akae. Nikajisogeza, nikampa nusu ya mkeka wangu, mahali pa mfiwa. Akasita, akawatazama wageni, akanitazama mimi, kisha akakaa.

Wale wageni walimjua ni nani, na walijua aliondokaje nyumba ile.

"Mpeni mkono na huyu," nikawaambia. "Na yeye kafiwa."

Mzee wao ndiye aliyeanza. Alimshika mikono yote miwili, akamwambia pole na msiba, Mola amrehemu na akupe subira. Mke mwenzangu akainamisha kichwa akalia, mbele ya watu, kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza analilia nini.