Risasi Ishirini za Delmar

Delmar Haugstad, fundi mstaafu wa mabasi ya shule huko Montana, alikuwa amemaliza misimu mitatu bila kuua kulungu. Shabaha alikuwa nayo. Alichokosa ni uamuzi. Risasi zake alizitengeneza mwenyewe katika chumba cha chini ya nyumba: ganda, fataki, baruti, na juu yake kichwa, kile kipande cha risasi kinachoruka, na hicho kichwa ndicho kilichomnyima usingizi. Chepesi hukimbia, lakini hupasukia begani na kuharibu nyama. Kizito humpitia mnyama na kutokea upande wa pili, kama mgeni asiye na muda wa chai.

Sasa ilikuwa Jumapili ya mwisho ya msimu na friji la nyama halina kitu. Jua likizama hivyo hivyo, ingebidi ale soseji za shemeji yake Virgil mwaka mzima, pamoja na maneno yake.

Angalau alikuwa na risasi ishirini tayari, za vichwa vyepesi. Virgil alipopita asubuhi kunywa kahawa, aliokota moja, akaipima kiganjani.

"Shemeji, hii ni ya kumuua kulungu au ya kumtekenya?"

"Inatosha."

"Haya, mimi nimenyamaza."

Virgil hakuwa na neno baya kuliko hilo. Alipoondoka tu, Delmar alishuka chini, akashika nyundo yake ya plastiki ya kuchomolea vichwa, akaanza kuzigonga risasi zile moja moja, vichwa vitoke, ili aweke vizito.

Alikuwa kwenye ya ishirini mkewe, Lorna, alipoita kutoka jikoni.

"Delmar. Kuna dume linakula matufaha yako."

Akapanda ngazi na bunduki, miguuni soksi. Akapapasa mfuko. Ndipo akakumbuka: vichwa viko kwenye bakuli moja, baruti kwenye la pili, maganda kwenye la tatu.

"Nipe dakika kumi."

"Usiniombe mimi. Muombe yeye."

Lorna alifuta mikono, akatoa kabatini bunduki ya marehemu mama yake na boksi lililopauka la risasi za dukani. Kibali chake cha kuwinda kilikuwa kimebandikwa kwenye friji. Akafungua mlango wa nyuma taratibu. Mlio ulikuwa mmoja.

Delmar akatoka, akainama juu ya dume lililoanguka.

"Kichwa cha hiyo risasi kina uzito gani?"

Lorna akalitazama boksi. "Sijui, mume wangu. Limechorwa kulungu."

Wakati wa kuchuna Delmar alikikuta kichwa cha risasi kimenasa chini ya ngozi, kimechanua kama uyoga. Akakiosha, akakiweka mizanini, akafungua daftari alimoandika vichwa vyote alivyowahi kuvijaribu. Ni aina aliyoikataa miaka miwili nyuma: "hakifai", kwa mwandiko wake mwenyewe, pamepigwa mistari miwili chini yake.

Akafikiri sana. Kisha akapiga mstari wa tatu.