Kinyozi mwenye kipara anayetamani kumzidi kaka yake umri

Katika kisa hiki mjinga ni yeye mwenyewe, na kinyozi anayeitwa Kioo hakatai. Anasimulia mwenyewe, mashine ikinguruma mkononi, na mteja aliye kitini anacheka mpaka mabega yanatikisika.

"Tulia bwana, ukicheka nitakuachia ngazi kichwani!"

Ni asubuhi. Kioo anapuliza vinywele kwenye meno ya mashine, anamgeuza mteja kidevu kwa kidole kimoja, anaendelea. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya utosi wake unaong'aa chini ya taa.

"Mwenye kipara mwenzangu akiingia, namwambia karibu, wewe nakupiga polishi tu," anasema.

Utani huo ulimtosha kwa miaka mingi. Kisha, miezi michache iliyopita, redio ya hapo kibandani ikasema baadhi ya watafiti wanahisi kwamba upara wa wanaume, hasa ule unaoanzia utosini, huenda unahusiana na maradhi ya moyo. Mashine ikazimwa. Mteja akabaki na ndevu upande mmoja.

Kaka yake, fundi cherehani, alikuwa na kipara hicho hicho. Alianguka akipiga pasi suruali ya mteja, na hakuinuka tena. Madaktari walisema ni moyo. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

"Kila Jumamosi jioni alikuwa anakuja hapa. Nywele hana, lakini anakuja! Anakaa, anasema, 'Mdogo wangu, ninyoe.' Nanyoa nini sasa? Napitisha mashine tu, tunapiga soga."

Kioo anapitisha kidole nyuma ya sikio la mteja. "Alikuwa na kovu nyuma ya sikio, nilizoea kulizunguka. Mpaka leo kila kichwa kinachokaa hapa, vidole vyangu vinalitafuta. Halipo."

Basi siku ile ya redio akapiga hesabu zake: kama upara unaleta ugonjwa, nywele zitaleta uzima. Akanunua vitunguu, akavisaga, akawa anajipaka utosini asubuhi na jioni. Wateja wakaanza kumuuliza kama siku hizi anauza na kachumbari. Kifua kilipombana akipanda ngazi za nyumbani, akakisingizia kitunguu.

Aliyemtoa gizani ni mteja wake wa siku nyingi, muuguzi.

"Fundi, hicho kichwa umekikaanga?"

"Natibu moyo. Kifua nacho kinanibana nikipanda ngazi, lakini hicho ni kitunguu tu."

Muuguzi alicheka, kisha akaacha alipoona mwenzake hatanii.

"Kaka, nisikilize. Kuna tafiti zimeona uhusiano, nyingine hazikuona kitu cha maana. Hakuna aliyethibitisha kwamba kipara ndicho kinachouumiza moyo. Huenda ni dalili tu. Ukikuta kibao cha kona barabarani, ukaking'oa, kona imenyooka?"

"Haijanyooka."

"Basi achana na vitunguu. Kapime presha, sukari, na mafuta kwenye damu. Na hicho kifua kinachobana usikingoje hata siku moja. Ndugu yako kaondoka kwa moyo, wewe sigara haikutoki mdomoni, halafu unahangaika na utosi!"

Sigara ameacha. Vitunguu vimerudi jikoni. Kwenda kupima ndiko kulikomshinda: mara wateja wamejaa, mara mvua, mara mashine imeharibika. Akibanwa sana na maswali, anakiri kwamba visingizio vyote hivyo ni hofu tu.

"Mwaka huu nimefikia umri wa kaka. Nikivuka hapo, mimi ndiye nitakuwa mkubwa. Natamani sana kuvuka. Na natamani angekuwepo, aniite mdogo wangu mara moja tu, halafu aende zake."

Mpango wa kuvuka unaanza leo. Mkewe, mpishi wa shule, ameomba ruhusa kazini na sasa amesimama mlangoni, kibeti kwapani. Mteja ameshaondoka, na Kioo anafuta kiti kisicho na vumbi.

"Twende," mke anasema.

"Mama watoto, nipe mwezi mmoja tu. Kuna mafuta mapya, wanasema yanaotesha. Nikienda na nywele kidogo, hata daktari ataniona mzima."

"Unaenda kupima moyo au kutafuta mchumba?"

Wanaosubiri kwenye benchi wanaangua kicheko. Kioo anasogea karibu na mkewe, anashusha sauti.

"Kwani wewe hutamani kuniona na nywele, kama zile za ujanani?"

Mke ananyoosha mkono, anachomoa waya wa mashine ukutani.

"Nywele nikizitaka nitanunua wigi. Mume sijaona duka linalouza. Vaa viatu."