Kifua cha Evarista

Evarista alikuwa amechoka kwa muda mrefu hata hakukumbuka uchovu ulianza lini. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za kifua. Aliishi mtaa wa Soweto, jijini Mbeya, na mdogo wake Frida na mtoto mchanga wa Frida, lakini siku nyingi alikuwa safarini na mwenzake Dastan katika gari la uchunguzi wa kifua kikuu, mara Chimala, mara ndani kabisa ya Usangu, ambako barabara huisha zikabaki njia za ng'ombe.

Ndani ya gari kulikuwa na mashine ya eksirei na kompyuta. Kompyuta hiyo ilikuwa imefundishwa kwa kuonyeshwa picha nyingi mno za vifua, vya wagonjwa na vya wazima, mpaka ikaweza kuvitofautisha yenyewe. Mtu akipigwa picha, ilipaka rangi nyekundu pale ilipotilia shaka. Baada ya hapo makohozi yalipelekwa maabara, na huko ndiko ugonjwa ulikothibitishwa. Evarista alikuwa ameyaeleza hayo kwa watu wengi sana, kwa sauti ileile.

Siku moja ya gulio waliweka kituo Chimala, karibu na mashine za kukoboa mpunga. Vumbi la pumba lilikuwa jingi, na Evarista alikuwa akikohoa tangu asubuhi. Kikohozi hicho alikuwa nacho tangu msimu wa kupanda. Alisema ni vumbi. Kukonda, alisema ni safari. Jasho la usiku alisema ni joto la Usangu, ingawa lilimpata hata Mbeya, ambako watu hulala na mablanketi. Dastan alishamwambia apime, naye akajibu wiki ijayo.

Katika foleni alikuwemo mfugaji aitwaye Limbu, ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Mke wake alikuwa kwenye dawa za kifua kikuu, kwa hiyo naye alitakiwa kuchunguzwa. Alipofika mlangoni pa gari akagoma.

"Mimi siumwi," alisema. "Na hiyo kompyuta hainijui. Itasemaje habari zangu?"

Evarista akaanza maelezo yake. Hakuyamaliza, kikohozi kilimkamata, akashika mlango na kuinama mpaka kikapita.

Limbu alimsubiri. Kisha akauliza, bila kejeli, "Na wewe, mama, ilishakupima?"

Foleni nzima ilikuwa inasikiliza. "Bado," Evarista alisema. Akafikiri kidogo. "Basi nitaanza mimi, baba. Nikitoka, unaingia wewe."

Alivua koti, akasimama mbele ya bamba la kupigia picha. Kubana pumzi kulimshinda, ikabidi warudie. Alipogeuka, Dastan alikuwa ameigeuza kompyuta upande wa ndani, watu wa nje wasione.

"Dada Eva, njoo uangalie."

Sehemu ya juu ya pafu la kulia ilikuwa nyekundu.

"Imekosea," Evarista alisema. "Huwa inaona kovu la zamani ikadhani ni ugonjwa."

"Huwa. Wewe una kovu?"

Hakuwa nalo. Aliiondoa rangi, akaitazama picha tupu kama anavyotazama za wengine. Ukungu ulikuwepo. Ingekuwa ya mtu mwingine, asingebishana. Alingoja hofu imjie, haikuja. Alichotaka ni kulala, pale pale chini, kwenye sakafu ya gari.

Limbu alikuwa bado amesimama. "Imesemaje?"

"Imeona kitu. Nitatoa makohozi leo."

Limbu akaiegemeza fimbo yake kwenye gurudumu, akapanda. Kifua chake kilikuwa safi.

Maabara ilithibitisha ugonjwa wa Evarista, akaanza dawa. Kazi ngumu ilikuwa kumwambia Frida. Frida hakumlaumu. Alimvuta mtoto kifuani akauliza, "Na huyu?"

Frida na Dastan walipimwa wakakutwa wazima. Mtoto naye hakuwa na ugonjwa, lakini alianzishiwa dawa za kinga, na kila asubuhi alizitema na kulia. Evarista alikisikia kilio hicho akiwa chumba cha pili, amejifunika mpaka kichwani. Aliwawaza watu wote waliopanda lile gari miezi ile, wale waliokuja wazima. Baadaye wengi wao walitafutwa wapimwe tena. Wengine walikuwa wameshahama na mifugo.

Alipoambiwa hawezi tena kuambukiza, alikwenda kupumzika kwa mama yake, Rozalia, huko Tosamaganga.

"Kamwene, mwanangu," mama alimsalimu kwa Kihehe, akampokea mfuko. Hakuuliza kitu mpaka walipokuwa jikoni wakimenya viazi.

"Kazi yako ni kuangalia vifua vya watu. Chako hukukiona?"

"Nilidhani nimechoka tu, mama."

Rozalia aliendelea kumenya. "Hata mimi ningedhani hivyo," alisema baadaye. "Hapa nani hajachoka?"

Evarista alimaliza dawa, kikohozi kikaisha, mwili ukarudi. Alitumaini uchovu nao utaondoka wote. Sehemu yake iliondoka. Nyingine ilikuwa ya kazi yenyewe, nayo ikabaki. Aliporudi Mbeya alimwendea mkuu wake akaomba kitu ambacho hakuwahi kukiomba: awe akipangiwa safari kwa zamu, baadhi ya wiki abaki mjini. Mkuu alisema ataangalia. Wiki iliyofuata, jibu likiwa bado halijaja, Evarista alipanda gari na Dastan kwenda Usangu, akalala njia nzima.