Redio ya Mama Mkwe

Fundi wa mafriji hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa kwenye kochi, sikio liko jikoni; akila, jicho liko kwenye mita ya umeme ukutani, kile kitaa chekundu kikipepesa na roho yake ikipepesa nacho. Alizima taa ya bafuni mtu angali na sabuni usoni. Nguo laini zilinyooshwa mwisho, pasi ikishachomolewa, kwa joto lililobaki. Mkewe alimwita Bwana Zima, na kuna siku alimwita hivyo bila kucheka.

Tumpe haki yake. Friji yao aliivisha mpira mpya wa mlango, akaisogeza mbali na ukuta ipate hewa, na kweli uniti za umeme zikaanza kudumu. Alikuwa ameanza kupumua, ndipo baba mkwe akafariki na mama mkwe akahamia kwao, yeye na redio yake.

Redio ile ilisema kutwa. Mama akiwepo inasema, akienda sokoni inasema, tena yenyewe, chumbani peke yake. Fundi alizunguka sebuleni kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa kazi yake alijua fika kwamba redio haili umeme wa kutisha. Hilo halikumsaidia hata kidogo. Kilichomchoma ni kule kuwaka bure. Ingekuwa ya mtoto angeingia akaichomoa, yakaisha. Lakini chumba cha mkwe hakiingiliwi hovyo.

"Mwambie mama yako," alimwambia mkewe.

"Mwambie wewe. Mwenye mita si wewe?"

Basi bwana mkubwa akabuni lake. Mama akitoka, yeye anashusha swichi kuu, nyumba nzima inazima. Mama akikaribia kurudi, yeye anaipandisha. Aliona ni akili nyingi. Siku moja akaitwa kazini haraka, akaondoka swichi ikiwa chini.

Aliporudi jioni, mama mkwe alikuwa amekaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, mlango wazi, mfuko wa sokoni ungali mkononi. Ndani, maji ya friji yalikuwa yametambaa mpaka sebuleni na maziwa yamechacha. Friji ya fundi wa mafriji! Alichukua dekio akaanza kukausha, na hakujua aweke wapi uso wake.

"Umeme huu, mama, siku hizi..."

"Umezima wewe, baba," mama alisema, bila hasira. "Na si leo tu. Nikitoka saa ya redio yangu iko sawa, nikirudi naikuta inapepesa sifuri."

Saa ya redio hurudi sifuri umeme ukikatika; fundi mzima hakulifikiria hilo. Akazidi kukausha.

"Mimi siisikilizi ile redio. Hata sijui inasema nini. Marehemu alikuwa msemaji sana. Miaka yote nikirudi nyumbani, nikiwa mlangoni tu nasikia sauti ya mwanamume ndani. Sasa nikikuta kimya, miguu inakataa kuingia." Alishusha mfuko. "Kesho nikitoka kliniki nitachukua vitu vyangu niende kwa mwanangu mwingine. Sitaki kukukosesha raha kwako."

Fundi alitaka kumwambia asiende. Alitaka kweli. Akabaki anakamua dekio lililokwisha kukauka.

Kesho yake mkewe alimpeleka mama yake kliniki, bila kumuaga mumewe. Fundi akabaki na redio, mtu fulani ndani yake akieleza bei ya vitunguu. Alienda kwenye swichi kuu, akaigusa, akarudi kukaa. Akasimama tena. Mwisho aliikimbia nyumba yake mwenyewe: alibeba mkoba wa vifaa, akaenda kutengeneza friji ya duka la mwisho wa mtaa, swichi akaiacha juu.

Aliporudi, ufunguo mkononi, alisikia mwanamume anazungumza ndani.

"Hodi," alisema.

Ilimtoka yenyewe. Alisimama pale kwenye kizingiti chake, nyumba tupu ikiendelea kuzungumza. Hakuingia. Alingoja, mara akae, mara asimame, mpaka wale wawili walipotokea kwenye kona. Aliwafuata mbio, akampokea mama mkwe mfuko wa dawa, akaupeleka mpaka mlangoni na kusogea kando.

Mama alisimama, akasikiliza.

"Ingia, mama," fundi alisema. "Watu wapo."