Mashahidi Wawili wa Kogo

Nakumbuka alasiri moja ya mvua huko Cheptiret, mwanangu, nikiwa na kalamu mkononi na kiburi kingi kichwani. Usicheke nikikuita mwanangu. Ni kweli sina mvi hata moja, na wengine darasani humu mmenipita kimo, lakini mwalimu wa historia huzeeka mapema kwa kukaa sana na wafu.

Kogo, mama yake baba, alikuwa amefariki wiki hiyo. Mimi nilikuwa chuo kikuu nikisoma historia, kwa hiyo familia ilinipa kazi ya kuandika maisha yake kwenye programu ya mazishi, ule ukurasa ambao husomwa kaburini kisha hubaki kabatini miaka na miaka. Kogo hakuwahi kuandika neno. Ukurasa huo ndio pekee ungebaki kumsema, na ulitakiwa kwa mchapishaji mjini kesho yake asubuhi.

Shida ilikuwa shamba. Nani alilianzisha?

"Andika Baba alikuja peke yake," alisema Baba mkubwa, kifungua mimba wa Kogo. "Alifyeka msitu, akajenga. Mama alikuja baadaye kukaa."

Kogo Mdogo, mke wa pili wa Babu, alikuwa jikoni akisikiliza. "Babu yako? Huyo hata kuni hakujua zinapasuliwaje! Marehemu ndiye alitangulia hapa, na mtoto mgongoni."

Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Baba mkubwa alirithi jina la baba yake. Sifa ya mzee ilikuwa sifa yake. Kogo Mdogo naye alikosana na Babu tangu zamani, na asingemsifu hata kwa kufunga lango. Basi nikafanya nilichodhani ni usomi: nikawafuta wote wawili. Nikaandika, "Aliishi Cheptiret."

Senge, dada yake baba, aliniomba nimsomee. Nilipomaliza alinitazama. "Ndiyo hiyo tu?"

"Senge, wote wana upendeleo."

"Na nani hana? Unangoja malaika ashuke akusimulie? Umewahoji watu kama askari wa kituo. Rudi ukawasikilize. Mtu akishughulika kuchunga sifa zake, kuna maneno mengine husahau kuyachunga."

Nilirudi nimenuna. Baba mkubwa alifurahi kuanza upya, na safari hii sikumkatiza. Alieleza jinsi hapa palivyokuwa msitu mtupu, hakuna jirani, hakuna moshi mpaka bondeni. Alieleza jinsi baba yake alivyotembea kwa miguu kutoka kazini, mbali huko, akafika amechoka.

"Na alipofika tu, Mama akampa maziwa ya mursik yaliyoiva sawasawa, yale ya kukwaruza koo. Baba aliisimulia hiyo mpaka anakufa. Ndivyo wanawake walivyopokea waume zao, si kama hawa wenu wa chuo."

Niliacha kuandika. Unajua mwenyewe mursik haipatikani ghafla. Inataka ng'ombe wa kukamwa, kibuyu kilichosuguliwa kwa makaa, na siku kadhaa za kungoja maziwa yagande.

"Baba mkubwa, hiyo mursik ilitoka wapi?"

"Labda aliomba kwa jirani."

"Jirani gani? Si umesema hapakuwa na mtu?"

Jikoni Kogo Mdogo alicheka mpaka akakohoa. "Mjibu mtoto, mheshimiwa! Ng'ombe alishuka na ndege?"

Baba mkubwa aliinuka. Nilidhani atanifukuza. Kisha akasema polepole, "Huyo mtoto wa mgongoni, basi, ni mimi." Akapangusa uso. "Andika alitangulia."

Siku ya mazishi aliusoma ukurasa ule yeye mwenyewe. Alipofika kwenye sentensi hiyo, alimpa Senge karatasi, na Senge akaimalizia.

Lakini sijui zaidi ya hapo, mwanangu. Sijui siku ya kwanza alilala wapi, wala aliogopa nini, wala alimwimbia mtoto wimbo gani msitu ulipokuwa giza. Likizo zangu zote nilizimalizia kwake, na nilichomuuliza ni kama chai imeiva. Mpaka leo, nikisahihisha mitihani yenu hapa Kesses, humtungia maswali. Hakuna maktaba itakayonijibu.

Kwa hiyo shuku. Wahenga walisema lisemwalo lipo. Mimi nasema kwanza uliza nani amelisema, kwa nani, na linamfaa nini. Kitabu kikishapigwa chapa hakijaacha kuegemea upande. Nishuku hata mimi, maana nilimpenda Kogo, na mapenzi nayo hupendelea. Lakini usimtupe shahidi kwa sababu ameegemea. Jua ameegemea wapi, kisha sikiliza lile lililomponyoka ambalo halimfaidi. Mahasimu wawili wakikutana kwenye jambo moja, simama hapo uchimbe. Na pale usipojua, andika kwamba hujui.

Zaidi ya yote, uliza mapema. Mungu akuzidishie maswali, mwanangu, na awaweke hai wale wa kukujibu mpaka utakapopata akili ya kuwauliza.